Mikono yangu ni safi, mbona moyo una kinyongo?

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nakaa Unguja, nyumba ya kupanga huku Tomondo. Ni mtunza stoo katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, na sasa ni karibu miaka tisa. Kazi yangu ni kupokea mzigo: samaki, pweza, mboga, matunda, unga, sabuni, kila kinachoingia kwa mlango wa nyuma. Napima, naandika kwenye daftari, natia sahihi, ndipo ankara inapanda ofisini. Bila sahihi yangu muuzaji halipwi.

Mlango kama huo una mambo yake, mama, bila shaka unayajua. Mwenzangu tuliyeanza kazi pamoja, yeye akiwa upande wa manunuzi, leo ana nyumba Fuoni, ya bloku, imepigwa plasta na rangi, na fremu mbili anapangisha. Mishahara yetu ilikuwa ikipishana kidogo tu. Kazini kila mtu anajua nyumba ile imejengwa kwa cha juu. Akija kanisani kwetu anatafutiwa kiti cha mbele, na kwenye harambee jina lake ndilo linalosomwa la kwanza. Mimi naimba besi kwenye kwaya, mchango wangu ni wa elfu tano tano, na hakuna anayeniuliza chochote.

Mshahara wangu ni shilingi 480,000. Masika wageni wakikatika tunapewa likizo isiyo na malipo, mwezi mmoja, pengine zaidi. Mke wangu anauza maandazi na vitumbua asubuhi. Siku hizi anakwenda kwenye kikundi cha maombi ambako wanafundishwa kuwa umaskini ni laana, na asiyefanikiwa aichunguze imani yake. Tuliambiwa tupande mbegu ili Mungu afungue milango, tukatoa pesa tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kodi. Kodi ilipofika hatukuwa nayo. Tangu hapo mke wangu amebadilika. Juzi aliniuliza, "Huo uaminifu wako tunaupika?" Sikumjibu.

Sasa nakwambia ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana shemeji yangu alioa. Mchango niliopangiwa ulikuwa mkubwa, nikaona aibu kusema sina mbele ya wakwe. Nikakopa kwenye simu, laki tatu. Ule mkopo nikaulipa kwa mkopo mwingine. Leo nadaiwa 1,150,000 kwenye programu tatu, na wameanza kutuma ujumbe kwa watu walio kwenye simu yangu. Mke wangu hajui. Yeye anajua tuna akiba ya kiwanja, mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Akiba hiyo haipo.

Na mwezi huu amekuja meneja mpya wa manunuzi. Ameniita pembeni. Anataka pweza wakija kilo 60 mimi niandike 85, na wale kina mama wanaowaleta wapunguziwe bei kwa kisingizio kwamba pweza ni wadogo. Kila wiki nitapata 150,000 yangu. Aliniambia, "Hoteli ni ya matajiri, hawatajua, na wakijua haiwaumi." Anataka jibu Jumatatu. Nimemwambia nitafikiri. Mama, miaka yote hii sikuwa nasema nitafikiri. Nilikuwa nasema hapana.

Jumapili nimeimba Misa nzima nikihesabu: 150,000 mara nne.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Aliporudi kutoka kwao yule mwenzangu aliniuliza, "Baba, kwani sisi tumekosa nini?" Nikamwambia akalale.

Kuna mzee mmoja mlinzi pale getini, Muislamu, mtu wa Makunduchi, maskini kuliko mimi. Wenye mizigo wamejaribu kumhonga, hakubali. Na anacheka, anasali, zamu ikiisha anakwenda kulala. Ninamwonea wivu yeye kuliko mwenye nyumba ya Fuoni.

Siulizi kama kuiba ni dhambi, hilo nalijua. Ninachouliza ni hiki: nimekuwa mwaminifu, mbona uaminifu umenifanya mtu mwenye uchungu? Nilidhani mwenye kufuata njia ya Mungu hupewa amani.

Mtunza stoo, Unguja

---

Milele na milele, amina. Marahaba, mwanangu.

Nianze na Jumatatu, kwa sababu haingoji. Mwambie huyo meneja maneno matatu: "Naandika kile kilichopimwa." Usimhubirie, usimtolee mstari, usimwambie wewe ni Mkristo. Ukianza maelezo, atapata pa kukushika. Kuanzia siku hiyo pima mzigo mbele ya muuzaji na mbele ya mtu wa jikoni, wote watie sahihi chini ya yako, na kila ukurasa wa daftari upige picha. Fikiria kidogo jinsi mpango wake ulivyokaa. Kwenye karatasi kuna kilo 85, jikoni zimeingia 60, na kati ya namba hizo mbili kuna sahihi moja tu, nayo ni yako. Yeye hana alichoandika. Siku mkaguzi atakapokaa na vitabu, atakayeulizwa ni mtunza stoo. Akikutisha, mwandikie meneja mkuu kwa barua yenye tarehe ubaki na nakala, na ujue kuwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa hapa Zanzibar, milango yake iko wazi kwa mtu wa hoteli kama ilivyo kwa mtu wa serikali.

Sitakuahidi kwamba utabaki kazini. Watu hufukuzwa kwa kukataa, wala si mmoja wala wawili. Ningekudanganya kama ningesema Mungu hawezi kuruhusu hilo.

Lakini kabla sijaondoka hapo, naomba uitazame tena ile kauli kwamba hoteli ni ya matajiri na haiwaumi. Sehemu ya pesa ile inatoka kwa kina mama. Unawajua kwa nyuso. Wanangoja bamvua, maji yakitoka wanateremka mwambani na fimbo zao, wameinama juani saa nzima wanachungulia mashimo, miguu inachanika kwa mawe na fuu, na siku nyingine mtu anarudi na pweza wawili. Ndio ambao bei yao inataka kukatwa ili wewe upate 150,000. Yakobo aliandika juu ya ujira waliozuiliwa wakulima kwa hila, kwamba ujira huo "unapiga kelele". Mithali 11:1 inasema "mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA". Na wewe mizani unayo mkononi kila asubuhi.

Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kufa kwake 1924, alikwenda London mwaka 1923 akasimama mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake, watu waliopenda sana ibada nzuri, uvumba na tabernakulo, kile kisanduku cha kanisani kinachowekwa Ekaristi. Akawaambia hawawezi kudai kwamba wanamwabudu Yesu aliye katika tabernakulo ikiwa hawamhurumii Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Wala hakuwa mtu wa maneno ya mimbarini tu. Mwaka 1920 alikwishaandika kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe ilipotaka kuwashurutisha Waafrika kufanya kazi kwa walowezi. Nakutajia huyo kwa sababu alikuwa askofu wa visiwa hivi, na kwa sababu wewe ni mtu wa kwaya. Yesu unayemwimbia Jumapili anakuja Jumatatu kwa mlango wa nyuma, kichwani amebeba ndoo ya pweza.

Sasa swali lako.

Kuna mtu aliliuliza kabla yako, na alikuwa mwimbaji. Asafu alikuwa kiongozi wa waimbaji wakati wa Daudi, na katika Zaburi ya 73 anasema waziwazi kwamba miguu yake ilikuwa karibu na kupotoka: "Maana naliwaonea wivu wenye kujivuna, nilipoiona hali ya amani ya wasio haki." Kisha anasema neno ambalo ni lako kabisa: "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure, nimenawa mikono yangu kwa kutokukosa." Bure. Mtu wa Mungu, kiongozi wa kwaya, anasema mbele za Mungu kwamba uaminifu wake ulikuwa kazi bure. Na Kanisa limeyaimba maneno hayo vizazi na vizazi, halikuyafuta. Kwa hiyo usijione umekufuru kwa kuniandikia ulivyoniandikia.

Wahubiri wengi wakifika mstari wa 17, pale Asafu anapoingia patakatifu pa Mungu na kuufikiri mwisho wa waovu, wanasimama hapo na kutufariji kwamba wezi wataanguka. Mimi sitaki usimame hapo. Huenda mwenzako wa Fuoni asianguke. Huenda akazeeka katika nyumba ile, wajukuu wakicheza barazani, na akazikwa kwa heshima zote. Ukikaa kungoja nyumba ya mtu iporomoke ndipo upate amani, huo bado ni wivu, umebadili nguo tu. Asafu mwenyewe anaendelea mpaka mstari wa 25: "Ni nani niliye naye mbinguni, wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe." Wale matajiri wamekwisha kutoka machoni pake, hawatazami tena.

Hapo ndipo ninapouona uchungu wako umetoka wapi. Uaminifu wako, mwanangu, umeufanya upatu. Miaka tisa unachangia, hukukosa hata mara moja, na umekaa unatazama wenzako wakipokea huku zamu yako haifiki. Bila shaka una kinyongo. Mtu yeyote aliyechanga upatu akanyimwa zamu yake ana haki ya kukasirika. Ila Mungu hakukuandika kwenye upatu huo. Hakuahidi popote kwamba asiyeiba stoo atajengewa Fuoni.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na kule kwetu Chake Chake Wakristo wa kundi la Marafiki walifika mwaka 1897, mwaka ule ambao utumwa uliondolewa kisheria visiwani. Hao Marafiki kwao Uingereza walikuwa na sifa ya tangu karne ya 17: muuzaji wao alikuwa anataja bei moja tu, aje tajiri, aje mtoto ametumwa na mama yake. Kuapa mahakamani walikataa, kwa hoja kwamba mtu asiwe na ukweli wa kiapo na ukweli mwingine wa siku za kawaida. Baadhi ya wafanyabiashara wao walikuja kuwa matajiri wakubwa, maana watu waliwaamini. Wengine walitiwa gerezani kwa imani yao, mali zikachukuliwa. Bei ilikuwa ileile moja kwa wote hao, waliotajirika na waliofilisiwa. Hawakuitumia kama ndoana ya kuvulia baraka.

Na hapo nakuja kwa yale ya mbegu. Fungua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 6. Mstari unaopendwa ni wa 6: "Walakini utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa." Tunausoma peke yake, tunauona mtamu. Usome pamoja na uliotangulia. Katika mstari wa 5 Paulo anawaelezea watu walioharibika akili, "wakidhani ya kuwa utauwa ni njia ya kupata faida." Yaani maneno ya kuridhika aliyaandika akiwajibu wale waliokuwa wakifundisha kwamba dini ni njia ya kupata mali. Mafundisho hayo yalikuwepo tangu siku za mitume, na mtume aliyakataa kwa maandishi. Aliyesema "Mwana wa Adamu hana pa kulaza kichwa chake" alikuwa akijisema mwenyewe, na hakuna Mkristo atakayethubutu kumwambia Yesu aichunguze imani yake.

Vivyo hivyo ule mstari tunaoubandika kwenye magari, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Paulo ameuandika yuko kifungoni, na mambo anayosema anayaweza amekwisha kuyataja mstari uliotangulia: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anasema amejifunza kuwa radhi. Hakuzaliwa nayo, wala haikumshukia siku ya ubatizo. Usijihukumu kwa sababu hujaifikia.

Kuhusu ile pesa, nitasema neno moja na kupita. Sadaka ni shukrani, nayo hutolewa katika kilicho chako. Pesa ya kodi ni ya mwenye nyumba. Yeyote aliyewaambia mtoe ile hakuwafundisha imani, aliwafundisha kutoa mali ya mtu.

Lakini mkeo usimgombeze kwa hilo, nakuomba sana. Mwanamke anayeamka usiku kukanda unga, anayesikia mwenye nyumba akigonga mlango, hana kosa kutamani mahali pake mwenyewe. Amekwenda kutafuta tumaini kwa watu kwa sababu nyumbani kwake hapewi ukweli.

Na hilo ndilo jambo kubwa katika barua yako. Umeliandika haraka ukalipita, mimi siwezi kulipita.

Stoo hujawahi kuandika kilo ambayo haipo. Nyumbani umeandika akiba ambayo haipo.

Tazama ilivyokwenda. Uliona aibu kusema "sina" mbele ya wakwe. Aibu ikakukopesha laki tatu. Mkopo ukakufanya useme uongo kuhusu kiwanja, maana ulihitaji mkeo aamini kuwa kuna kitu kinakuja. Deni likafika 1,150,000. Ndipo akaja meneja na maneno yale yale ambayo kwa miaka umeyasikia kwa wengine ukayakataa, na safari hii ukasema nitafikiri. Meneja huyu hana ulimi mtamu kuliko wenzake. Wewe ndiye uliyebadilika, kwa sababu safari hii una deni la kuficha. Ukitaka kujua kwa nini kuridhika na uaminifu huandamana katika Maandiko, ni hapo. Asiyekubali hali yake lazima aipake rangi mbele ya watu, na rangi ina gharama, na gharama siku moja inakuja kudaiwa kwenye mizani ya kazini. Mtu anayeweza kusimama ukumbini mbele ya mashemeji akasema "Ndugu zangu, nina elfu ishirini, ndiyo niliyo nayo," mtu huyo ni vigumu sana kumnunua. Yule mzee wa Makunduchi, naamini, anaweza kusema hivyo mahali popote.

Kwa hiyo, kabla ya Jumatatu, zungumza na mkeo. Watoto wakishalala, chukua karatasi, andika programu zote tatu, kila moja kiasi gani, na chini yake jumla. Halafu andika: akiba, sifuri. Mpe asome. Usianze na "lakini", usilete mambo ya mbegu ili mlingane makosa, usimsomee Biblia. Mwombe radhi kwa uongo, hasa ule wa kiwanja, maana aliupangia maisha. Atakasirika. Huenda akalia, huenda akanyamaza siku nyingi, na utavumilia, ni haki yake. Kisha mwambie pia la meneja na jibu utakalompa, ili aijue bei kamili ya unachokikataa. Uamuzi wa namna hiyo unaigusa sufuria yake.

Deni lenyewe linalipika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha kidijitali bila leseni. Angalia kama hao wako wamo. Ujumbe wanaotuma kwa jamaa zako ili kukuaibisha usiufute, uhifadhi, ni ushahidi. Usikope tena kulipia mkopo, hata shilingi. Walio na leseni waombe wakupangie marejesho. Mkiweza kutenga laki moja kwa mwezi, kukiwa hakuna riba inayozidi kuongezeka, ni karibu mwaka mmoja. Ni mwaka mgumu, na masika iko katikati, kwa hiyo mtafute mapema cha kufanya kipindi hicho. Waambie wazee wawili wa kanisa unaowaamini. Ujumbe ule unaweza kuwa umekwisha kuwafikia hata hao, na aibu unayoiogopa huenda tayari imeshatokea bila kukuua.

Na ukishaacha kuficha, nenda kadai haki yako. Kuridhika si kunyamaza. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu," na katika Injili hiyo hiyo Yesu anasema mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake. Yote mawili ni ya Luka. Miaka tisa ya daftari lisilo na doa ni hoja ya kuombea nyongeza, peleka kwa maandishi. Usome mkataba wako uone unasema nini kuhusu likizo ya masika, kisha uliza Kamisheni ya Kazi kama inakubaliana na Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Uliza ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kama michango yako inaingia kila mwezi. Hayo hayana kinyongo ndani yake, ni hesabu tu, na wewe ni mtu wa hesabu.

Lile la kiti cha mbele limeniuma. Yakobo aliwakaripia Wakristo kwa kumwambia mwenye nguo nzuri, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Siku ukipita Mkunazini ingia katika kanisa kuu la Kianglikana, ukae kidogo. Hapo palikuwa soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo siku ya Krismasi jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Watu walisimamishwa pale wakatazamwa meno na misuli, wakatajiwa bei, huyu kiasi hiki, yule kiasi kile. Altare iliwekwa ili mahali pale pasitajwe bei ya mtu tena. Sisi tunaowapanga watu vitini kwa nyumba zao tunahitaji kukumbushwa, na wewe pia, kwa maana umejipima kwa bloku na fremu ukajiona huna uzito.

Nimerudia mara nyingi ile sentensi yako kuhusu mzee mlinzi. Wivu wa kumtamani mtu usingizi wake ni wivu ambao Mungu anaweza kuufanyia kazi. Kakae naye getini zamu yako ikiisha. Usiende kumhoji, nenda kuzungumza. Muulize alianzaje, alipita wapi, siku alipokosa alifanyaje. Atakujibu kwa dini yake, akitaja riziki na kukinai, na wewe utasikia mengi unayoyajua kutoka kwa Paulo. Visiwa hivi vina watu wa namna hiyo katika dini zote mbili, na kwa kawaida hakuna anayewapa kiti.

Amani uliyoitaka sidhani itakuja kabla hujazungumza na mkeo. Ombi langu kwako kwa miezi hii ni lile la Mithali 30, "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe kwa chakula kilichokuwa kadiri yangu." Tazama kinachotangulia kuombwa hapo kabla ya chakula: "Uniondolee ubatili na uongo."

Binti yako usimwache na lile jibu la "kalale". Kidato cha tatu ni mtu mzima wa kutosha. Mkishaelewana wewe na mama yake, mkalishe mumwambie ninyi wawili: tunadaiwa kiasi hiki, tutalipa kwa muda huu, mwaka huu kuna vitu hutanunuliwa, na kazini baba alitakiwa kuandika uongo akakataa. Mtaje na kina mama wa pweza, aelewe pesa ile ilikuwa itoke kwa nani. Usimwahidi kwamba Mungu atawapa nyumba. Hulijui hilo, wala mimi silijui.

Na mkeo akitaka kuniandikia, hata kwa kunilaumu, aniandikie. Nitamjibu yeye kwa barua yake mwenyewe.